Kijiti cha Urefu wa Kizingiti

Springi nyekundu ilikuwa imelazwa juu ya gunia la pamba kama mtoto kivulini, na Sajenti Wankyo alikuwa ameiinamia tangu saa mbili asubuhi. Baba yake, aliyeendesha lori la ushirika pale Bunda mpaka macho yakamgomea, alimfundisha kwamba chuma kina maneno yake, ila hakiongei na mwenye haraka.

Nyuma yake, kwenye ua wa kituo cha polisi Musoma, lilikaa gari lenyewe. Corolla nyeupe, mojawapo ya yale yaliyoanza kumiminika kutoka Dubai tangu serikali iliposema ruksa kuagiza. Upande wa dereva ulikuwa umekunjamana mpaka usukani ukakutana na kiti. Jumanne, mwenye gari, Clementi, muuza nyavu wa Nyasho, alikwenda Butiama kumchukua mama mkwe wake, Dorotea, aje kumwangalia binti yake Pelagia aliyejifungua wiki iliyotangulia. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya mteremko, gari liliacha njia likagonga ukuta wa kalvati. Clementi alifia pale pale. Mama mkwe, aliyekaa kiti cha nyuma, alivunjika mtulinga wa bega. Alhamisi Clementi alizikwa kwao Mugango. Leo ilikuwa Ijumaa.

Mkuu wa upelelezi, mtu wa Tanga, alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi.

"Sajenti, bado unaitamia hiyo springi? Itaanguliwa lini?"

"Bado kidogo, afande."

"Hakuna cha bado. Marehemu alitaka sifa, gari litambae chini kama kenge, kama wanavyofanya vijana wa mjini. Fundi akamkatia springi kwa gesi. Springi ikaruka, mtu akafa. Huyo Masatu jina lake mitaani ni Masatu Gesi, au siyo? Jumatatu anapanda kizimbani."

"Haikukatwa, afande."

"Nini?"

Wankyo aliigeuza springi taratibu, akaweka kidole kwenye ncha. "Springi iliyokatwa kwa gesi ncha yake inabaki kama mkia wa panya, na karibu na ncha rangi imeungua, chuma kimekuwa buluu. Hapo chuma kimelegea, kesho kinavunjika. Hii ncha imelazwa bapa kiwandani ili ikae vizuri. Rangi imefika mpaka mwisho. Namba yake hii hapa. Imenunuliwa dukani ikiwa fupi hivi hivi."

Mkuu aliinama, akatazama, chai ikamwagikia kiatu. "Basi kama haikukatwa wala haikuvunjika, kwa nini tuliikuta porini, hatua ishirini kutoka kwenye gari?"

"Hilo ndilo ninalolitamia."

Mkuu alikung'uta kiatu. "Mpaka Jumapili jioni. Jumatatu ni Jumatatu."

* * *

Masatu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono yake imeingia mafuta mpaka kwenye kucha. Alipoingizwa chumba cha mahojiano hakukaa mpaka alipoambiwa.

"Fundi, umewahi kukata springi kwa gesi?"

"Nimekata, afande. Nilikuwaga nakata sana. Mwaka themanini na mbili, themanini na tatu, hapa Musoma ulikuwa hupati springi hata ya kuota usiku. Sabuni yenyewe foleni, itakuwa springi? Mtu anakuletea ya lori, unaikata, unaipachika kwenye pikapu, anakushukuru mpaka anakupa samaki."

"Ukaacha lini?"

"Themanini na nne. Moja ilivunjika njia ya Bunda, katekista akapoteza mguu. Nilikwenda kumwona. Tangu siku ile gesi yangu haijagusa springi. Lakini jina halina mlango wa kutokea, afande. Ukishaingia humo umeingia."

"Na hizi nyekundu?"

"Za dukani. Marehemu alizifuata mwenyewe Sirari, zimetoka Nairobi. Mbili za mbele, mbili za nyuma, zimetengenezwa kwa ajili ya gari lile lile. Nilimkubalia kwa sababu hiyo. Angesema nikate, ningemfukuza na gari lake."

Wankyo alifungua bahasha, akaweka mezani kijiti cha mpera, kirefu kuzidi shubiri moja kidogo, kimechongwa pengo moja. Alikikuta kwenye kisanduku cha mbele cha gari, kimefungwa pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

"Hiki ni nini?"

Masatu alikitazama. Kisha akavua kofia.

"Hicho ndicho kipimo alichonipa. Alisema, fundi, sehemu ya kukanyagia mlangoni iishie hapa kwenye pengo, isizidi hata unene wa kidole. Nikamuuliza, kipimo cha nani hiki? Akaona aibu. Baadaye akasema ni cha mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa mama mkwe wake. Mguu wake wa kushoto una nyonga mbovu, hauinuki kupita pale. Wakati wa Pasaka alikwenda kumchukua, bibi akajaribu kupanda, mguu ukagoma, akaanguka chali mbele ya watu. Na marehemu amesimama kando, mikono mgongoni kama mwizi aliyekamatwa. Wewe ni wa huku, afande. Ungemshika mama mkwe wako, kama ungekuwa mwanamume?"

Huku mkwe hamgusi mama mkwe, na Wankyo alilijua.

"Majirani walicheka. Bibi akasema hilo gari halipandi tena mpaka azikwe. Sasa mkewe anakaribia kujifungua, mama lazima aje, na mwenye kumpandisha ndiyo huyo huyo mkewe, atakuwa amelala na kichanga. Ndipo akaleta kijiti."

"Kwa hiyo siyo sifa."

"Sifa!" Masatu alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Mtu anayetaka sifa hashushi kwa kijiti."

"Nieleze kazi ulivyoifanya. Usiruke kitu."

Masatu alivuta kofia na maneno pamoja, polepole. Kushusha gari, alisema, siyo kushusha tu. Springi fupi lazima iwe ngumu zaidi, isije ikabonyea mpaka tairi likala bodi. Raba za kuzuia bodi isigonge ekseli zinapunguzwa. Taa za mbele zinapimwa upya, magurudumu yananyooshwa. Na shokapu, mirija ya kutuliza mtikisiko, nazo zinatakiwa fupi.

"Hizo nazo ulifunga?"

Masatu aliikunja kofia mara mbili.

"Fundi."

"Za mbele nilifunga. Za nyuma zilikuwa zije kutoka Mwanza. Hazikuja." Alikuwa anaongea na meza sasa. "Springi fupi kwenye shokapu ndefu ni mtoto aliyevaa suruali ya baba yake. Gari likiwa chini, uzito unaishikilia, haina neno. Lakini ukiinua bodi kwa jeki, ekseli inaning'inia, springi inalegea, inaweza kutoka kwenye kikombe chake, pale inapokalia. Ukishusha, inakaa upande. Unakwenda nayo, unakwenda nayo, mpaka kwenye kona au shimo, inaruka."

"Ulijua hivyo, ukamwachia gari."

"Nilimwachia. Mtoto alikuwa amezaliwa, ananiambia fundi, Pelagia yuko peke yake. Liandike hilo, afande, usinisitiri. Lakini andika na hili. Nilimpa jeki yangu mwenyewe, ile ya chupa, nikaifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia, ukipata pancha usiinue bodi, lala chini, weka hii chini ya ekseli, hapo springi haitalegea. Na ukikosea ukainua bodi, basi gari likishuka ingia chini, zungusha kidole kwenye kikombe, uhakikishe imekaa. Ukiwa umesimama huoni, tairi linaziba. Nilimlaza chini pale gereji akafanya mbele yangu. Mara mbili."

"Alielewa?"

"Yule? Yule alikuwa mtu wa kuhesabu macho ya nyavu moja moja. Alielewa."

* * *

Buti la Corolla halikuwa limeumia. Wankyo alitoa kitu kimoja kimoja, akakipanga chini. Tairi lenye pancha, msumari ungali ndani yake. Jeki iliyokuja na gari, ile ya kuzungusha, ina udongo mwekundu. Akazunguka upande wa kushoto, akapapasa chini ya mlango wa nyuma. Bodi ilikuwa na alama mpya, chuma kimebonyea pale jeki ilipobana.

Basi, aliinua bodi.

Kisha akatoa kitambaa cha mafuta kilichofungwa fundo mbili. Ndani yake, jeki ya chupa, inang'aa, haijaguswa. Fundo zilikuwa zile zile za Masatu. Na gunia tupu, limekunjwa vizuri mara nne, lina vumbi upande mmoja.

Wankyo alichuchumaa pale. Mtu anahesabu macho ya nyavu. Anafundishwa mara mbili. Anapewa jeki. Anapata pancha. Jeki anaiacha kwenye kitambaa.

"Imeanguliwa?" mkuu aliuliza kutoka dirishani.

"Yai moja, afande. Lingine liko Butiama."

Landrova ya kituo haikuwa na mafuta, kwa hiyo Jumamosi alipanda lori lililokuwa linafuata pamba. Alishuka kabla ya Butiama, akatembea njia aliyorudi nayo Clementi, akitazama kingo. Mwendo wa nusu saa akakuta mawe mawili makubwa yamewekwa katikati ya njia bila sababu, kwa jinsi watu wanavyoyaweka nyuma ya magurudumu wakasahau kuyatoa. Upande wa kushoto mtaro wenye kina, ungemeza mbuzi. Ng'ambo, mtu alikuwa anafyatua matofali.

"Dada, kama unatafuta mume, mimi tayari ninao wawili wananidai," alipiga kelele. "Wake, nilitaka kusema!"

"Mimi ni polisi."

"Basi wamekutuma wao."

Jina lake Kwangu. Alipoambiwa habari ya gari jeupe, utani ulimwisha, akanawa mikono kwanza ndipo akaongea.

"Nilimwona. Nikataka kwenda kumsaidia, ila udongo ulikuwa unakauka. Alitoa jeki, akainua, akabadilisha tairi. Mtu msafi, kavaa koti. Gari likashuka. Nikajua sasa anaondoka. Haondoki."

"Alifanya nini?"

"Akavua koti. Akachukua gunia akalitandika pale pembeni ya tairi la nyuma. Akapiga magoti. Akainama kidogo. Halafu akasimama, akakunja gunia. Akavaa koti. Akatembea mpaka mbele ya gari, akarudi. Akavua koti tena. Akatandika tena. Mara tatu, afande. Mara tatu! Nikamwambia mke wangu, yule mtu labda ni madhehebu haya mapya, anasali barabarani."

"Bibi alikuwa wapi muda huo?"

"Bibi? Juu. Ndani ya gari. Hakushuka hata kidogo. Alikaa pale pale kwenye hilo dirisha la nyuma, juu ya hilo hilo tairi."

Wankyo aliacha kuandika. Mume wake, mtu mzima mwenye cheo, aliwahi kusimama kwenye mvua saa nzima nyuma ya ghala kwa sababu mama yake Wankyo alikuwa amekaa barazani. Mkwe hapiti pale mama mkwe aliponyoosha miguu. Sembuse kulala chali chini ya makalio yake.

"Mara ya tatu," alisema, "aliingia chini?"

"Hapana. Alikung'uta gunia, akaliweka. Akafunga mlango wa dereva polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Wakaenda."

* * *

Jioni ile, hospitali ya Musoma, Dorotea alikuwa wodi ya wanawake, mkono wa kushoto umefungwa kifuani. Kitanda chake kilikuwa cha juu, cha chuma, na yeye mdogo juu yake. Wankyo alivuta kiti, akaamkia, akaitikiwa. Alikuja bila kofia ya polisi.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa yule dereva wa ushirika Bunda, mama. Wankyo."

"Nilimjuaga. Alikuwa anatupa lifti na debe zetu." Alivuta shuka. "Pelagia anakula?"

"Anakula kidogo. Wanawake wa jumuiya wako naye."

Maswali yalianza, mafupi, na bibi akayajibu kwa mpangilio kama anayechambua mchele. Ndiyo, walisikia tairi. Ndiyo, mkwe alisimamisha gari.

"Akaniambia, bila kunitazama, mama, usihangaike kushuka. Na mimi nilitazama nje nikaona mtaro. Ningeshukaje? Ningehitaji mkono. Nikakaa. Akaniinua na gari zima. Nikacheka kidogo, peke yangu."

"Gari liliposhuka?"

"Kuna kitu kililia chini yangu. Ko! Kama mwiko kwenye chungu. Na yeye alikisikia, niliona bega lake likishtuka. Akatandika gunia." Dorotea alionyesha kwa mkono mzima. "Akalikunja. Akatandika. Sikujua anataka nini. Niligeuza uso upande wa pili, ndiyo heshima yenyewe. Nikasema moyoni, Pelagia wangu ameolewa na mtu aliyelelewa."

Wankyo aliandika.

"Alikuwa anatafuta nini pale chini, mwanangu?"

"Tutakuja kusema kwenye ripoti, mama."

"Mimi ripoti sisomi. Nimezika mume na watoto wanne. Niambie kama unavyomwambia mtu mzima."

Wankyo aliweka kalamu. Akamwambia. Kuhusu springi na kikombe chake, kuhusu shokapu ambazo hazikuja, kuhusu jeki ndani ya kitambaa. Hakuongeza, hakupunguza.

"Kwa hiyo alitakiwa alale chini yangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa muda gani?"

"Dakika moja. Labda haifiki."

"Dakika moja." Midomo ya bibi ilitembea bila sauti. "Angeniambia. Angesema tu, mama, funika uso. Ningejifunika kanga usoni, basi. Ningekaa gizani dakika moja."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukoroga uji wake.

"Na huyo fundi alimwonya?"

"Alimwonya, akamfundisha. Kosa lake ni kuachia gari kabla ya kazi kuisha, na amelikiri. Lakini hakukata kitu. Kesho nitamwambia mkubwa wangu hivyo."

"Mwambie na mimi nimesema. Huyo mtu hakuua."

Wankyo alisoma maelezo kwa sauti, bibi akasikiliza mpaka mwisho. Dole gumba la kulia lilipakwa wino, likakandamizwa kwenye karatasi. Wakati Wankyo anakunja karatasi, kijiti kilidondoka kutoka kwenye bahasha, kikagonga sakafu. Alikiokota upesi. Haikusaidia.

"Hicho kijiti ni cha kwangu," alisema Dorotea. "Pelagia alikichonga kwenye mpera wa nyumbani, akiwa na mimba kubwa. Alinisimamisha mlangoni, akasema mama, inua mguu, inua tena, akapiga alama. Alisema anapima kizingiti, seremala atakuja kukishusha. Seremala hakuja. Kimefikaje kwako?"

"Kilikuwa ndani ya gari, mama."

"Kwa nini?"

Wankyo alikuwa ameulizwa. Angesema hajui, na hakuna ambaye angemsuta.

"Marehemu alikipeleka kwa fundi. Ndiyo kipimo walichoshushia gari. Lilishushwa lifike hapa kwenye pengo. Ili upande mwenyewe."

Dorotea alikipokea kwa mkono mzima. Alipitisha kidole chenye wino kwenye pengo, kikaacha doa.

"Jumanne nilikanyaga, nikaingia," alisema. "Hivi hivi. Hakuna aliyenishika. Nikawaambia majirani, mmeona? Nilikaa kwenye lile gari namshukuru Mungu njia nzima, mguu wangu umepona." Alimtazama Wankyo. "Haukupona."

"Haukupona, mama."

Nje, muuguzi alikuwa anaita majina ya watu wa dawa. Dorotea aliita mara moja, kwa sauti ndogo, jina ambalo mama mkwe hamwiti mkwe wake. Aliita Clementi. Kisha akaweka kijiti chini ya mto, akafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Nataka kushuka. Nataka kwenda pale dirishani."

Kitanda kilikuwa juu. Mguu wa kushoto ulining'inia, ukatafuta sakafu, haukuipata. Wankyo alisimama, akanyoosha mkono. Bibi aliutazama ule mkono kwa muda, kiganja na vidole vyake vitano, kama kitu kilicholetwa sokoni kutoka mbali. Kisha akaushika, akaegemea, miguu yake ikafika chini.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, mama."